KOSA LA MKAGUZI WA LINUX, NA JINSI LILIVYOONDOLEWA

Muhula huu chama chetu cha kompyuta kilifanya kazi moja ambayo Mhariri ameniomba niieleze katika gazeti hili. Kazi yenyewe ilikuwa kuondoa kosa lililokuwamo ndani ya kiini cha Linux. Kosa hilo si sisi tuliolivumbua, wala si sisi tuliokuwa wa kwanza kulitengeneza, kwani mabingwa walikwisha kulimaliza mwaka 2020. Sisi tulilirudia kwa mikono yetu wenyewe ili tupate kulielewa, kama vile wanafunzi wa kemia warudiavyo majaribio ya wataalamu wa zamani. Najua ya kuwa wasomaji wengine huitumia kompyuta kila siku, na wengine hawajapata kuigusa. Nitajitahidi kuandika kwa namna ambayo wote wataelewa, na yule ambaye hataelewa na aje aniulize, maana kuuliza si ujinga.

Kwanza yafaa tujue kiini ni nini. Kila kompyuta ina programu moja iliyo kubwa kuliko zote. Hiyo ndiyo igawayo kumbukumbu ya mashine, ndiyo ipokeayo herufi tunazobonyeza, tena ndiyo ikatazayo programu moja isiguse mali ya programu nyingine. Sehemu yake ya ndani kabisa huitwa kiini. Linux ni kiini kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika nchi ya Ufini. Yeye aliwapa watu wote ruhusa ya kukisoma na kukirekebisha, na tangu siku hizo maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali wameandika ndani yake. Simu za Android zote zina kiini cha Linux. Basi mzazi wako akitoa simu ya namna hiyo mfukoni apate kukutumia nauli, anaitumia Linux bila kujua. Seva ya shule yetu, iwekayo kazi za wanafunzi wote, nayo pia inaendeshwa na Linux.

Kiini kina mamlaka yote. Programu ya kawaida ikikosea, yenyewe huanguka na mashine ikaendelea na kazi. Kiini kikikosea, mashine nzima imo hatarini. Kwa sababu hiyo mtu yeyote haruhusiwi kuingiza humo programu yake jinsi apendavyo.

Hata hivyo ziko kazi ambazo hufanyika vizuri zaidi zikiwa ndani ya kiini kuliko nje. Mfano mmoja ni kuchagua pakiti za habari zipitazo katika mtandao. Zinapita nyingi sana kwa sekunde moja, na kuzitoa zote nje ya kiini ili zikachaguliwe huko ni kupoteza nguvu bure. Mwaka 1992 Steven McCanne na Van Jacobson, wa Maabara ya Lawrence Berkeley huko Marekani, waliandika jinsi ya kuingiza programu ndogo ndani ya kiini ili zifanye kazi hiyo papo hapo. Njia yao iliitwa BPF. Mwaka 2014 Alexei Starovoitov na wenzake waliipanua sana ndani ya Linux, ikapewa jina la eBPF. Siku hizi programu za eBPF hupima mwendo wa mashine, hulinda mitandao, na katika simu za Android huhesabu ni kiasi gani cha intaneti kimetumiwa na kila programu.

Sasa msomaji atauliza: ikiwa programu ya mgeni inaingia ndani ya kiini, nini kitaizuia isifanye uharibifu? Jibu ni mkaguzi. Kabla programu ya eBPF haijaanza kufanya kazi, mkaguzi huisoma amri kwa amri. Haiendeshi, huisoma tu na kufikiri. Penye njia panda, yaani penye amri isemayo "ikiwa hivi nenda huku, ikiwa vile nenda kule," yeye hufuata njia zote mbili. Hutazama kama programu itafika mwisho, kama haitasoma mahali pasipo pake, na kama haitaandika juu ya mali ya kiini. Akiridhika, huipitisha. Akiwa na shaka, huikataa na kueleza sababu.

Kazi hii ina ugumu mmoja mkubwa. Mkaguzi hajui ni namba zipi zitakazoingia katika programu siku itakapoendeshwa. Programu ya eBPF ina rejista 11, yaani visanduku 11 vya kuwekea namba, na kila kimoja kina nafasi ya biti 64. Biti ni tarakimu moja, ambayo huwa 0 au 1. Mkaguzi hawezi kusema, "Katika kisanduku hiki mtakuwa na 7," kwa kuwa namba yenyewe bado haijaja. Lakini aweza kusema, "Namba itakayokuja haitapungua 1 wala haitazidi 10." Pia aweza kusema, "Biti hii naijua kuwa ni 0, na ile siijui." Mambo hayo huyaandika kama katika daftari, na kila baada ya amri hulisahihisha daftari lake. Usalama wote wa kiini unategemea daftari hilo. Likiandika kuwa namba haizidi 10, nayo kweli ikawa haizidi 10, hakuna hatari. Likiandika kuwa haizidi 10, kumbe yaweza kuwa elfu, hapo adui amepata mlango.

Kosa ninalolieleza liliingia kwa nia njema. Mkaguzi alikuwa mkali mno mahali pamoja. Ziko amri ambazo, badala ya kutazama biti zote 64 za namba, hutazama nusu ya chini tu, yaani biti 32. Baada ya amri za namna hiyo daftari la mkaguzi lilikuwa halina habari za kutosha, na programu nyingine zilizokuwa njema kabisa zilikataliwa.  Basi mwishoni mwa mwaka 2019, toleo la 5.5 la Linux lilipokuwa likitayarishwa, iliongezwa kanuni ndogo ya kumsaidia mkaguzi kujua zaidi juu ya ile nusu ya chini. Toleo hilo lilitoka Januari 2020.

Kanuni ilisema hivi: mkaguzi achukue namba ndogo kabisa na namba kubwa kabisa anazozijua, akate nusu ya juu ya kila moja, kisha aseme kwamba nusu ya chini iko kati ya mabaki hayo mawili. Kwa haraka mtu aona kuwa maneno haya ni sawa. Lakini na tuyapime kwa mfano.

Tuseme mlinzi wa lango ameambiwa kuwa mgeni atafika wakati wowote kati ya saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Kisha anaulizwa, "Mgeni atakapofika, mshale mfupi wa saa ya ukutani utakuwa wapi?" Mlinzi afikiri moyoni, "Mwanzo ni saa 1. Mwisho ni saa 1. Basi mshale hauna budi kuwa pale pale pa saa 1." Hata mtoto wa darasa la pili atamcheka. Mgeni aweza kufika saa 5, aweza kufika saa 8. Kati ya saa 1 ya asubuhi na saa 1 ya jioni mshale umezunguka duara lote. Mlinzi alipoyakata maneno "asubuhi" na "jioni" alikata habari yenyewe iliyokuwa na maana, akabaki na namba mbili zinazofanana, akadhani amepata ujuzi mkubwa.

Mkaguzi naye alikosa vivyo hivyo. Biti 32 zaweza kuhesabu mpaka 4,294,967,295. Ukiongeza 1 zote zinarudi 0, kama mshale unapomaliza duara. Basi namba 4,294,967,297 ikikatwa nusu ya juu, kinachobaki ni 1. Mkaguzi akiwa amejua kuwa namba fulani iko kati ya 1 na 4,294,967,297, alikata pande zote mbili akapata 1 na 1, akaandika katika daftari: "Nusu ya chini ni 1 kamili." Kumbe yaweza kuwa 2, au 3, au namba yoyote nyingine.

Mtu aliyeliona kosa hili ni Manfred Paul. Kila mwaka kuna mashindano yaitwayo Pwn2Own, ambamo wataalamu huonyesha makosa ya programu zinazotumiwa na watu wengi, na wenye programu hizo hupewa habari ili watengeneze. Mashindano ya Machi 2020 yalikuwa yafanyike Vancouver, huko Kanada, lakini kwa sababu ya UVIKO-19 yalifanyika kwa njia ya mtandao. Huko Manfred Paul alionyesha kwamba mtumiaji wa kawaida wa kompyuta ya Ubuntu, asiye na cheo chochote katika mashine, aliweza kulitumia kosa la mkaguzi akajifanya mkuu wa mashine nzima. Alipewa zawadi ya dola 30,000 za Marekani.

Kabla ya mwezi huo kwisha Daniel Borkmann, mmoja wa watunzaji wa eBPF, alitoa kiraka cha kutengeneza kosa. Nilipokisoma kiraka hicho mara ya kwanza nilistaajabu. Nilitazamia kuona hesabu mpya na ulinzi mpya. Badala yake niliona kuwa amekuja kuondoa. Aliing'oa ile kanuni, akaing'oa pia kila mahali ilipoitwa, akamrudisha mkaguzi katika ujinga wake wa zamani juu ya nusu ya chini.

Hapo ndipo mwalimu wetu wa kompyuta aliposema kwamba ingefaa tulijaribu jambo hili wenyewe. Alituruhusu kwa masharti mawili. La kwanza, tutumie ile mashine ya zamani iliyo kando ya dirisha, nayo isiunganishwe na mtandao. La pili, mtu yeyote asithubutu kufanya jaribio lolote katika seva ya shule. Tulikubali, tukawa wanachama wanne.

Tulichukua maandishi ya toleo la 5.5 kama yalivyokuwa Januari 2020, tukaanza kukijenga kiini siku ya Ijumaa jioni. Kujenga ni kuyageuza maandishi yanayosomwa na watu yawe amri zinazofuatwa na mashine. Mashine yetu ni ya polepole sana. Usiku ule umeme ulikatika, ukarudi Jumamosi mchana. Kwa bahati kazi hiyo huendelea pale ilipoishia. Jumapili alasiri kiini kilikuwa tayari.

Kisha tuliandika programu fupi ya eBPF. Ilichukua namba kutoka katika jedwali ambalo sisi wenyewe tuliweza kulijaza. Namba ikiwa chini ya 1, programu iliacha kazi. Ikiwa zaidi ya 4,294,967,297, iliacha kazi. Kisha ilitazama nusu ya chini ya namba, na ikiwa ni 5, iliacha kazi. Hiyo ndiyo amri ya biti 32 iliyoiamsha ile kanuni mbovu. Mwisho programu ilitazama biti ya pili ya namba na kuileta kama jibu. Namba 1 kwa biti huandikwa 01, na biti yake ya pili kutoka kulia ni 0. Namba 2 huandikwa 10, na biti yake ya pili ni 1. Basi ikiwa mkaguzi anadhani namba ni 1, atadhani kuwa jibu ni 0 siku zote.

Tulimwagiza mkaguzi atuonyeshe daftari lake, naye aliandika kuwa jibu ni 0. Hakusema "labda." Kisha tukatia 2 katika jedwali, tukaiendesha programu. Jibu lilikuwa 1.

Sisi sote tulinyamaza kidogo. Tulijua kuwa litakuwa hivyo, maana tulikuwa tumesoma, lakini kusoma ni jambo moja na kuona ni jambo jingine. Tulitia 3, tukapata 1. Tulitia 4, tukapata 0. Kila mara daftari la mkaguzi lilisema 0.

Mtu aweza kuuliza, tofauti ya 0 na 1 ina hatari gani? Fikiri hivi. Programu ina kielekezi, yaani anwani ya mahali inaporuhusiwa kusoma. Ikitaka kukisogeza, mkaguzi hutazama kwanza itakisogeza kwa kiasi gani. Kusogeza kwa 0 ni kubaki pale pale, basi huruhusu. Na 0 ukiizidisha kwa milioni bado ni 0. Hiyo pia huiruhusu. Lakini ikiwa namba ya kweli ni 1, basi ikizidishwa kwa milioni ni milioni, na kielekezi kimetupwa mbali sana, mahali kiini kiwekapo siri zake. Tuliandika programu ya pili ya namna hiyo, tukampa mkaguzi bila kuiendesha. Aliipitisha bila neno.

Sasa tukaja kwenye kutengeneza. Tulifungua maandishi ya mkaguzi, tukaitafuta ile kanuni na kila mahali ilipoitwa, tukafuta yote. Tukajenga tena. Safari hii kazi ilikuwa fupi, maana ni sehemu ndogo tu iliyokuwa imebadilika. Tukawasha mashine, tukampa mkaguzi programu yetu ya kwanza. Aliandika kuwa jibu haliwi chini ya 0 wala halizidi 1. Tukatia 2, na jibu likawa 1 kama lilivyokuwa kwanza. Programu ilikuwa ile ile na jibu lilikuwa lile lile. Kilichobadilika kilikuwa kauli ya mkaguzi, ambayo sasa ilikuwa ya kweli. Tukampa programu ya pili. Aliikataa, akaeleza kuwa ingesoma nje ya mipaka.

Siku ya mkutano wetu uliofuata kulitokea mabishano makali. Mwenzangu mmoja alisema, "Huku si kutengeneza, ni kubomoa. Ile kanuni iliwekwa kwa sababu programu njema zilikuwa zinakataliwa. Mkiiondoa, zitakataliwa tena. Mmemsaidia nani?" Maneno yake yalikuwa na nguvu, na wengi walimpigia makofi. Mwalimu hakumjibu. Alitutaka tuchore mistari ubaoni, upande mmoja tuandike hasara ya kuikataa programu njema, na upande wa pili hasara ya kuipitisha programu mbaya. Upande wa kwanza tuliandika mambo matatu au manne: mwenye programu ataudhika, atapoteza siku, itambidi aandike upya kwa njia nyingine. Upande wa pili tuliandika jambo moja tu: mashine si yetu tena.

Mimi nilisimama upande wa kiraka, na sababu yangu sikuipata katika kompyuta peke yake. Mimi ni kiranja wa bweni. Kila Jumamosi jioni ni wajibu wangu kuandika katika daftari la mahudhurio ni nani amerudi kutoka ruhusa ya mjini na ni nani bado. Muhula huu huu, Jumamosi moja, rafiki yangu mkubwa hakuonekana wakati wa kuhesabu. Jirani yake wa kitanda aliniambia, "Begi lake lipo, na mtu kamwona stendi saa kumi. Bila shaka yuko njiani. Mwandikie kuwa yupo, usimtie taabuni." Nilifikiri sana. Begi nililiona kwa macho yangu. Habari ya stendi ilikuwa na uzito. Lakini yeye mwenyewe sikumwona. Nikaandika, "Hakuonekana," nikapeleka daftari kwa mwalimu wa zamu.

Mwalimu alitoka na pikipiki gizani kwenda kumtafuta. Alimkuta kwa mjomba wake, mzima, akila chakula cha usiku. Gari la kurudi lilikuwa limeharibika. Hapakuwa na hatari yoyote. Mwalimu alipoteza jioni yake, na rafiki yangu alinyimwa ruhusa mpaka mwisho wa muhula. Hakuzungumza nami kwa majuma matatu, na hata sasa urafiki wetu haujawa kama zamani. Bwenini waliniita "Mkaguzi," na jina hilo hawakunipa kwa heshima.

Naeleza habari hii kwa sababu wengi hudhani kuwa kusema "sijui" ni jambo rahisi lisilo na gharama. Lina gharama. Siku ile aliyelipa gharama alikuwa mtu asiye na hatia, kama vile programu njema inayokataliwa. Lakini daftari la bweni halikuwekwa kwa ajili ya Jumamosi ambazo kila mtu yuko salama. Liliwekwa kwa ajili ya ile Jumamosi moja ambayo mtoto wa Kidato cha Kwanza amelala kando ya barabara na homa, na hakuna ajuaye. Siku hiyo, ikiwa kiranja ana desturi ya kuandika "yupo" kwa kukisia, hakuna pikipiki itakayotoka. Niliwaambia wenzangu hayo katika mkutano. Yule aliyebishana hakukubali yote, ila alisema, "Basi hao wenye kukataliwa nao watafutiwe njia." Neno lake lilikuwa la haki, na kwa kweli ndivyo walivyofanya watunzaji wa Linux.

Hawakukaa wakiridhika na ule ujinga. Katika toleo la 5.7, lililotoka mwishoni mwa Mei 2020, mliingia kazi ya John Fastabend, ambayo ilimpa mkaguzi hesabu mbili kwa kila rejista: moja ya biti zote 64, na nyingine ya nusu ya chini peke yake. Hapo mkaguzi hakuwa tena na haja ya kukisia nusu kwa kuikata nzima. Aliifuatia nusu yenyewe tangu mwanzo. Programu njema zikapata njia yao, na safari hii njia ilijengwa juu ya ujuzi wa kweli.

Lakini msomaji asidhani kuwa mambo yaliisha. Mwaka 2021 Manfred Paul yule yule alionyesha kosa katika hesabu hizo mpya za biti 32, mahali mkaguzi anapofuatia amri za AND, OR na XOR. Nalo likatengenezwa. Toleo la 5.16, la Januari 2022, liliweka kuwa desturi kwamba watumiaji wa kawaida wasiruhusiwe kuingiza programu za eBPF, isipokuwa mkuu wa mashine ameamua hivyo. Na watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walitoa mwaka 2022 uthibitisho wa kihesabu juu ya sehemu ya daftari ihusuyo biti zinazojulikana na zisizojulikana; mwaka 2023 wakaeleza chombo chao kiitwacho Agni, ambacho huchukua hesabu za mkaguzi na kuzipima kama ni za kweli kwa namba zote zinazowezekana. Kwa hiyo siku hizi mkaguzi naye ana mkaguzi wake.

Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la kujifunza katika kazi hii. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kuziba ufa si lazima kuwe kuongeza udongo. Mara nyingine ufa umeletwa na tofali lililowekwa mahali lisipostahili, na dawa yake ni kulitoa tofali hilo kwanza, hata kama ukuta utabaki na tundu kwa muda, kisha kutafuta tofali lingine litakaloingia sawasawa. Ni afadhali tundu linaloonekana kuliko tofali linalodanganya.

Na sisi tulio shuleni tunakutana na jambo hili kila siku. Katika mtihani wa fizikia tunaona aibu kuandika kipimo chenye "kati ya hiki na hiki". Twataka kuandika namba moja iliyo safi ili tuonekane tumejua. Katika mazungumzo twaona haya kusema kuwa habari fulani tumesikia tu. Mkaguzi wa Linux alipokuwa akisema, "Kati ya 0 na 1," hakuonekana mwerevu kama alipokuwa akisema, "Ni 0 kamili." Hata hivyo mashine zilikuwa salama kwa kauli yake ya kwanza, si kwa ile ya pili.

Chama cha kompyuta hukutana kila Jumatano baada ya masomo, katika chumba kilicho karibu na maktaba. Ile mashine ya kando ya dirisha bado ina viini vyote viwili, kile chenye kosa na kile kilichotengenezwa, na mtu yeyote aweza kuchagua kimoja anapoiwasha. Mwanafunzi atakaye kuona kwa macho yake namba 0 ikigeuka 1 na aje. Haimlazimu kujua chochote kabla ya kufika.

Kiranja wa Bweni, Kidato cha Tano